Re: Kwa nini fedha za Uswisi hazikufika?

Mdogo wangu, umeuliza ilikuwaje Uingereza ikatarajia mabilioni kutoka akaunti zilizofichwa Uswisi, ikapata chenji, na insha yako uianzie wapi.

Anzia kwenye makadirio, siyo kwenye makusanyo. Mwishoni mwa 2012 hazina ya Uingereza ilitangaza kuwa mkataba wa kodi na Uswisi, ambao benki za huko zingekata kodi kwenye akaunti za wakazi wa Uingereza na kuituma London, ungeleta pauni bilioni 5.3 kwa miaka sita, na takriban bilioni 3.1 kati ya hizo zilitarajiwa mwaka wa fedha 2013/14. Hadi Oktoba 2013 zilikuwa zimeingia kama milioni 440 tu. Sasa jiulize: mtu anakadiriaje fedha zilizofichwa makusudi? Hazina ilikuwa inahesabu kuku gizani.

Halafu soma masharti yenyewe, maana utamu uko humo. Mkataba ulitiwa saini Oktoba 2011, ukaanza kazi Januari 2013. Mwenye akaunti alipewa zaidi ya mwaka mzima wa kufungasha na kuhama! Wengine walijieleza wenyewe kwa mamlaka ya kodi, mfano kupitia mpango wa Liechtenstein, nchi ndogo jirani ya Uswisi, uliokuwa na adhabu nafuu; fedha hizo zilihesabiwa kwenye fungu jingine. Na wakazi ambao kisheria makao yao ya kudumu ni nje ya Uingereza walikuwa na njia zao za kukwepa makato.

Linganisha na Ujerumani: Novemba 2012 baraza lao la majimbo liliukataa mkataba wa aina hiyo hiyo. Hapo ndipo ningetumia kurasa nyingi.