Usizing'oe Sensa za Hall kwenye Guta la Umeme

Kuna kijana kaniandikia kutoka Mbeya: "Kaka, mota ya guta langu ikiwa hewani inazunguka vizuri, nikipakia madumu ya maji inatetemeka tu, haiondoki. Nimeshauriwa ninunue kontrola isiyotumia sensa, eti ndiyo ya kisasa." Naandika hapa kwa sababu najua wengi mnaojenga maguta mnapewa ushauri huohuo.

Mota isiyo na brashi ina fezi tatu, yaani makundi matatu ya koili, na kontrola, kifaa kinachoigawia mota umeme, lazima ijue sumaku za rota (sehemu inayozunguka) ziko wapi ndipo ijue fezi ipi ilishwe. Sensa za Hall, vile vipande vidogo vinavyohisi sumaku ndani ya mota, ndizo zinazoiambia. Kwa mbinu ya hatua sita, fezi mbili zinapitisha umeme, ya tatu inaachwa wazi, na kila baada ya digrii 60 za umeme zamu inahama. Jozi moja ya sumaku ikipita ni digrii 360 za umeme, yaani zamu sita, kwa hiyo mota ya gurudumu yenye sumaku 46, yaani jozi 23, inahama mara 138 tairi likizunguka mara moja. Zamu zikichelewa, nguvu inapotea na koili zinachemka.

Kontrola ya kawaida isiyo na sensa inasikiliza volti inayozalishwa na mota yenyewe kwenye fezi iliyo wazi. Ikivuka sifuri, inahesabu digrii 30 kisha inahamisha. Mota ikiwa imesimama volti hiyo haipo kabisa! Droni haina shida, propela huanza bila mzigo. Guta lililojaa maji mlimani ni habari nyingine: kontrola inabahatisha, rota haifuati, mota inatetemeka.

Kwa hiyo pima sensa kwanza. Washa kontrola, ncha nyeusi ya multimita weka kwenye waya mweusi wa sensa, nyekundu iguse njano, kijani na bluu kwa zamu huku ukizungusha gurudumu polepole kwa mkono. Kila waya uwe unaruka kati ya karibu sifuri na karibu volti 5. Kwa sensa zilizopangwa kwa digrii 120, zote tatu hazipaswi kuwa juu kwa pamoja wala chini kwa pamoja. Ukiona hivyo, kuna sensa iliyokufa au waya uliokatika, mara nyingi pale unapoingilia kwenye ekseli.

Sensa zikiwa nzima, usiamini rangi za nyaya. Inua gurudumu, acha nyaya za sensa zilivyo, jaribu mipangilio sita ya fezi kwa kuvuta mafuta kidogo sana. Mpangilio mmoja tu utazunguka kimya na kula ampea chache. Ukiwa unarudi nyuma, badilishana nyaya mbili za sensa, utafute upya.

Haya sikufundishwa na mtu. Nilikuwa narewaindi mota za pampu, na mwenye karakana mmoja aliniambia mbele ya wateja kwamba kontrola si kazi ya fundi wa waya. Bado inaniuma. Usiku nilikaa na hesabu za mhandisi Edith Clarke, zinazogeuza mikondo mitatu kuwa miwili, na za mhandisi mwenzake Robert Park, aliyechapisha mwaka 1929 namna ya kuitazama mashine kana kwamba umesimama juu ya rota. Ukiiona hivyo, mkondo unaopanda na kushuka unatulia kuwa namba mbili: moja ya sumaku, unaishikilia sifuri, nyingine ya nguvu, ndiyo unayoipa mkono wa mafuta. Hiyo ndiyo FOC (field-oriented control), mbinu ya kuiendesha mota kwa kufuata uga wa sumaku wa rota. Guta la kwanza nililolifunga hivyo lilipanda mlima na mzigo wake bila ule mngurumo, na dereva akasimama kuangalia kama mota imezima. Nilijisikia mkubwa siku ile, sitaficha.

Vijana, someni. Msikubali mtu awapangie mwisho wa akili yenu, na msinunue kifaa kwa sababu kinaitwa cha kisasa. FOC nayo inataka kujua rota iko wapi guta likiwa limesimama. Kwa mzigo, iache isome sensa wakati wa kuondoka, mwendo ukikolea ndipo ihamie kukadiria yenyewe. Kama kontrola yako ya FOC ina mpangilio huo, uwashe kabla hujapakia dumu la kwanza.