Ukienda Campobello, Ingia kama Mgeni wa Nyumba

Safari yangu ya kwanza kwenda kuiona nyumba ya majira ya joto ya Franklin D. Roosevelt iliishia mlangoni. Nilikuwa nimeendesha gari karibu siku nzima kutoka kusini mwa jimbo la Maine, nikavuka daraja la mji wa Lubec nikiamini kwamba muda bado ninao, kumbe kisiwa cha Campobello kiko Kanada na saa za huko zimetangulia zetu kwa saa moja. Kosa lilikuwa langu. Nililala Lubec, nikarudi asubuhi, na tangu hapo nimekwisha kupeleka wageni huko mara tatu; ninayoyaandika hapa ni yale ambayo mimi mwenyewe nilitamani kuambiwa kabla ya kuondoka nyumbani.

Jambo la hati litangulie. Daraja hilo, lililofunguliwa mwaka 1962, ni mpaka wa nchi mbili, ingawa unachokwenda kukitazama ni nyumba ya rais wa Marekani. Beba pasi ya kusafiria na uhakikishe kama uraia wako unahitaji viza ya Kanada. Kwa ndugu zetu ambao maombi yao ya hifadhi ya ukimbizi Marekani bado yanasubiri uamuzi, nawasihi msivuke kabla ya kuzungumza na wakili, kwa sababu kuvuka ni kutoka nchini, na kurudi kunaweza kuwa na matatizo hata kama mlikaa ng'ambo kwa nusu saa tu. Pia angalia tarehe: nyumba hufunguliwa kwa wageni kuanzia mwishoni mwa Mei hadi takriban katikati ya Oktoba, kama ilivyokuwa kwa wenyewe, kwa kuwa haikujengwa kwa ajili ya baridi.

Kiingilio hakuna. Hilo huwashangaza wengi, na sababu yake inafaa kujulikana. Baada ya familia kuiacha, nyumba ilinunuliwa mwaka 1952 na mfanyabiashara Armand Hammer pamoja na ndugu zake, wakaikarabati, na mwaka 1963 wakaitoa zawadi kwa serikali mbili. Tarehe 22 Januari 1964, Rais Lyndon Johnson na Waziri Mkuu Lester Pearson walitia saini mkataba ulioanzisha hifadhi ya pamoja, ambayo hadi leo nchi hizo huiendesha na kuigharimia kwa kugawana sawa. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo iliyoiokoa nyumba hii. Nyumba ya mbao iliyo kando ya bahari, katika ukungu na hewa ya chumvi, haisubiri warithi wagombane. Ikikosa fundi kwa miaka michache, vigae vyake vya mbao huanza kuoza.

Ndani kuna vyumba 34, lakini usitarajie fahari ya ikulu. Roosevelt na mkewe Eleanor waliishi humo bila umeme, wakitumia taa za mafuta ya taa, na sehemu kubwa ya samani unazoziona ndizo walizozitumia. Mimi hukaa muda mrefu zaidi mbele ya kipaza sauti chao kikubwa, chombo chenye umbo la pembe, ambacho kilitumika kuwaita watoto waje kula wakiwa mbali ufukweni. Hakuna betri wala waya. Ni pumzi ya mtu tu. Mtoto mmoja niliyekwenda naye alinyoosha mkono kukigusa, nami nikamzuia kwa ukali ulioniaibisha. Baadaye nilimweleza kwa utulivu kwamba mafuta ya kidole kimoja hayaonekani, ila ya maelfu ya vidole kila msimu hula rangi na chuma. Kwa hiyo nakushauri uwaambie watoto mapema, mkiwa bado garini, na mikoba mikubwa ya mgongoni iache huko huko, maana milango na korido zilipimwa kwa ajili ya familia, si kwa ajili ya makundi. Wahudumu waulize maswali. Wanaijua nyumba chumba kwa chumba, na hufurahi wakipata mtu asiye na haraka.

Ukifika tu, ulizia nafasi ya kikao cha chai ambamo hadithi za Eleanor husimuliwa, kwa kuwa viti hujaa mapema.

Mkimaliza ndani, zungukeni upande unaotazama ghuba. Mwezi Agosti 1921, Roosevelt, akiwa na umri wa miaka 39, aliugua humo ndani baada ya siku ya kuogelea na kuzima moto wa msituni, na miguu yake haikupata nguvu tena; maradhi yalitajwa kuwa polio. Mwezi uliofuata alibebwa kwa machela hadi kwenye boti, akavushwa mpaka mji wa Eastport, upande wa Maine, kupanda treni, na hakukiona tena kisiwa hadi mwaka 1933, akiwa rais. Shukeni taratibu kwenye nyasi hizo kuelekea majini. Asubuhi huwa zimelowa umande, kwa hiyo vaeni viatu visivyopitisha maji.