Steling Akifa

Toleo lililopita niliisifu The Mist, filamu ya Kimarekani ya 2007, na hasa mwisho wake. Barua zimemiminika, na nyingi zimekuja na hasira. Leo najibu tatu. Kama hujaziona filamu ninazozitaja na hutaki kujua zinaishaje, weka gazeti pembeni kwanza, maana siwezi kujibu bila kutoboa.

*

*Dada, nilifuata maneno yako nikaiangalia The Mist Jumamosi usiku pamoja na mume wangu. Watoto wetu wawili walikuwa wamelala chumba cha pili. Ilipoisha, mume wangu alizima televisheni bila kusema neno, akaenda kuwafunika watoto shuka. Mimi sikupata usingizi mpaka adhana ya alfajiri. Nakuuliza: mtu ana haki gani ya kutufanyia hivi? Saa mbili nzima nimekaa namwombea yule baba, halafu anamuua mwanawe kwa mkono wake, na kufumba na kufumbua jeshi hilo linatokea. Huo ni usanii au ni ukatili?*
*Mama wa watoto wawili, Tabata*

Dada yangu, pole sana. Niliisifu filamu bila kutoa tahadhari, na mzazi alistahili kuambiwa mapema kwamba humo mtoto anakufa. Hapo nimekosa na naomba radhi. Ila kwa swali lenyewe sirudi nyuma. Ni usanii, na nitakuonyesha mahali unapoanzia.

Kwa ambao hawajaiona: ukungu mzito umefunika mji mdogo wa jimbo la Maine, ndani ya ukungu mna mazimwi, na watu wamejifungia supamaketi. David Drayton yumo na mwanawe mdogo, Billy. Baadaye watu watano wanafanikiwa kutoroka kwa gari, wanaendesha mpaka mafuta yanawaishia, na ukungu haujaisha. Bastola ina risasi nne. David anawaua wenzake watatu na mtoto wake ili wasitafunwe wakiwa hai, yeye anabaki bila risasi. Anatoka nje, anawapigia kelele mazimwi waje wamchukue. Kinachojitokeza kwenye ukungu ni vifaru vya jeshi.

Wengi wanaikumbuka sehemu hiyo tu. Sasa irudishe filamu nyuma mpaka pale watu walipojifungia mara ya kwanza. Yuko mama mmoja, hata jina hatuambiwi. Ameacha watoto wadogo nyumbani. Anasimama mbele ya umati anaomba mtu mmoja, mmoja tu, wa kumsindikiza. Anawatazama usoni kila mmoja kwa zamu, na kila anayetazamwa anainamisha macho. Anamgeukia David. David anamjibu kwamba na yeye ana mtoto wake wa kumwangalia. Ni jibu la akili, na ningekuwa pale na mwanangu mkononi ningelitoa hilo hilo. Basi mama anafungua mlango, anaingia kwenye ukungu peke yake, na sisi watazamaji tunamhesabu ni maiti.

Twende mwisho. David amepiga magoti barabarani, malori ya jeshi yanampita yamebeba watu waliookolewa. Juu ya lori mojawapo yuko mama yule yule, na watoto wake amewakumbatia. Anamtazama David. Hasemi kitu, wala David hana la kumwambia, lori linapita.

Mara ya pili niliiweka filamu ile kwa ajili ya mama huyo tu. Ndiye aliyenifanya niache kuuona mwisho ule kama ukatili. Hakuna aliyekuja kutudondoshea msiba kutoka juu. Mlango ulikuwa wazi tangu nusu saa ya kwanza, mtu akaomba asindikizwe, wote wakakataa, na David akiwa mmojawao. Halafu kuna ile ahadi. Billy anamwomba baba yake aahidi kwamba hatawaacha mazimwi wamchukue, hata iweje, na baba anaahidi, kama ambavyo mume wako angeahidi. Ndani ya gari, David anaitimiza ahadi ile ile.

Stephen King, aliyeiandika hadithi yenyewe na kuichapisha 1980, aliwaacha wahusika wake bado wako njiani ndani ya ukungu, na tumaini dogo mfukoni. Ni mwongozaji, Frank Darabont, aliyeutunga mwisho huu mwingine, akaung'ang'ania na kukubali kufanya kazi kwa fedha kidogo ili asije mtu akamlazimisha kuubadilisha. King mwenyewe alisema ameupenda. Na usidhani Darabont ni mtu asiyependa kuwaona watu wakifurahi. Ndiye huyo huyo aliyetuletea The Shawshank Redemption mwaka 1994, inayoishia kwa marafiki wawili kukutana ufukweni, na sijui mtu aliyeitazama asitokwe na chozi la furaha.

Mahali pamoja nakubaliana na wewe. Jeshi linafika upesi mno. Angeachwa David akae kwenye majani hadi kunakucha, maiti wakiwa garini, ndipo ukungu uondoke polepole, ningeumia vile vile na ningeamini zaidi. Dakika chache zile zina harufu ya mkono wa mwandishi.

Kuhusu usingizi wako, nina neno la mzazi kwa mzazi. Bibi yangu alitusimulia hadithi za zimwi zilizotisha kuliko chochote nilichokiona kwenye skrini. Wapo wasichana walioliwa wasirudi. Ila kila alipomaliza alisema: hadithi yangu imekwisha, ikiwa njema ni yetu sote, ikiwa mbaya ni yangu peke yangu. Baada ya hapo tulilala fofofo. Ubaya wote alikuwa ameubeba yeye. Filamu haikufanyii hivyo, inakuacha hapo sebuleni na giza lako. Mume wako alipokwenda kuwafunika watoto alikuwa anajisindikiza mwenyewe. Ningependa siku moja mkae muizungumze, hata kama ni kwa kubishana, kwa sababu mwisho wa namna ile ukikaa nao kimya unazidi kuwa mkubwa.

*

*Shikamoo mama. Sisi tumekua tukijua steling hafi. Adui wanakufa, rafiki wa steling anakufa, steling anabaki. Kwenye filamu za kutisha naona wanamuua hata yeye. Faida yake nini? Mtu umelipa pesa yako.*
*Kijana wa Chuda, Tanga*

Marahaba mwanangu. Umenirudisha nyumbani. Miaka ya tisini kaka yangu alikuwa na banda la video Ngamiani, si mbali na kwenu: televisheni ya inchi 21, deki moja, mabenchi ya mbao, gunia mlangoni la kuzuia mwanga. Mimi nilikaa pale kwenye gunia nakusanya kiingilio. Kwa hiyo sheria ya steling naijua vizuri, na naijua siku ilipovunjwa.

Kaka alikuwa amepata kanda ya Night of the Living Dead, filamu ya 1968 iliyoongozwa na George Romero. Haina rangi, na watu walianza kulalamika kabla hata haijakolea. Kisha akatokea steling, na banda likatulia. Alikuwa mtu mweusi. Duane Jones, ndani ya nyumba ya shamba iliyozingirwa na wafu wanaokula watu, anapigilia mbao madirishani, anawapa amri Wazungu, na anayembishia anapambana naye. Hatukuwa tumezoea kuona hivyo kwenye filamu ya zamani kiasi kile. Kila alipofanya jambo vijana walishangilia kama wako uwanjani.

Usiku mzima wenzake wanaisha mmoja mmoja. Yeye peke yake anafika asubuhi, amejificha chumba cha chini. Anasikia mbwa na bunduki, waokoaji wamefika. Anapanda ngazi taratibu, anasogea dirishani kuchungulia. Mmoja wa waokoaji anamwona, anadhani ni mfu kama wale wengine, anampiga risasi ya kichwa. Halafu picha zinaganda, zinakuwa kama za gazetini: wanaume wameshika ndoano za kubebea nyama, mwili unaburutwa, unatupwa juu ya kuni pamoja na mizoga.

Banda lililipuka. "Kanda imekatwa!" Kijana mmoja alinijia mlangoni anadai hela yake. Kaka akarudisha kanda nyuma, akaionyesha tena sehemu ile, wakabisha. Akairudisha tena. Mara ya tatu hakuna aliyepiga kelele. Mzee mmoja aliyekuwa kuli bandarini akasimama, akavaa kofia yake, akasema, "Wafu hawakumuua huyu." Akatoka.

Mwanangu, jibu la swali lako ninalo tangu siku ile, na alinipa yule mzee. Wafu walishindwa kumuua usiku kucha. Aliuawa na watu wazima wenye akili zao, mchana kweupe, na waliendelea na kazi kama hakuna kilichotokea. Angeokolewa, tungetoka tunasifu ngumi zake na wiki inayofuata tungekuwa tumesahau. Ni zaidi ya miaka 25 sasa na naikumbuka mpaka ile kofia.

Romero alieleza mara nyingi kwamba nafasi ile haikuandikwa kwa ajili ya mtu mweusi, Jones alipewa kwa sababu aliwazidi wenzake kwenye majaribio. Lakini wakiwa garini wanaipeleka filamu New York kuitafutia msambazaji, redio ikatangaza kwamba Martin Luther King ameuawa Memphis. Ilikuwa 4 Aprili 1968. Mwisho ule ulikuwa umeshapigwa, umo ndani ya buti. Oktoba ulipotoka, Mmarekani aliyeziona zile picha zilizoganda alikuwa na mambo mengine kichwani.

Na unajua kwa nini kanda ile ilifika hata Ngamiani? Filamu ilibadilishwa jina kabla ya kutoka, na katika kubadilisha jina msambazaji akaliacha nje tangazo la hakimiliki. Kwa sheria ya Marekani ya wakati huo, ikawa mali ya kila mtu. Yeyote aliruhusiwa kuinakili na kuiuza. Ilimuumiza sana Romero mfukoni, na hilo linanisikitisha, lakini bila kosa lile mzee yule wa bandarini asingeiona.

*

*Dada, naandika filamu fupi ya dakika 20. Wanafunzi watano bwenini, jini linawaua mmoja mmoja, wote wanaisha. Mwishoni mlinzi wa shule anaigeukia kamera na kucheka, kumbe jini ni yeye. Wenzangu wanasema mwisho ni mkali. Nimekutumia kurasa zote, naomba ukweli.*
*Msomaji wa Morogoro*

Mdogo wangu, nimezisoma kurasa zako mara mbili, na ukweli ni kwamba mwisho huo bado. Mlinzi anaonekana mara ya kwanza ukurasa wa mwisho. Hatumjui, hatujamsalimia, hajatufungulia geti hata siku moja. Akicheka tutashtuka kama mtu aliyepigiwa honi kwa nyuma, na mshtuko wa honi unaisha gari likishapita.

Itafute Spoorloos, ya Uholanzi na Ufaransa, ya 1988, ya mwongozaji George Sluizer. Msichana anapotea kituo cha mafuta, na mpenzi wake anamtafuta miaka mitatu. Aliyemteka anajitokeza na kumwambia: nitakuonyesha kilichompata, ila lazima kikupate na wewe. Anampa kahawa yenye dawa ya usingizi. Kijana anajua ni hatari, na anainywa, kwa sababu kutojua kumemtafuna zaidi. Anazinduka gizani, anawasha kiberiti cha gesi, na mbao ziko juu ya uso wake. Amezikwa hai.

Sasa angalia kilichofanyika mwanzoni kabisa. Wakiwa bado garini, wanacheka, msichana anamsimulia ndoto: amefungiwa ndani ya yai la dhahabu linaloelea angani, upweke usiovumilika, na safari hii kulikuwa na yai la pili. Umeshaambiwa mwisho wote, na umeuchukulia kuwa maneno ya wapenzi safarini.

Mwaka 1993 Sluizer mwenyewe aliirudia Hollywood, na safari hii kijana anafukuliwa mzima. Nimeiangalia. Kahawa ni ile ile, jeneza ni lile lile, na baada ya kuisha niliinuka nikaenda kuosha vyombo.

Kwa hiyo usimwokoe mtu kwenye bweni lako kwa kuogopa watazamaji. Waue wote ikibidi. Ila ukurasa wa pili umeandika mstari mmoja ambao nadhani ulikuponyoka: kwamba saa nne usiku mlango wa bweni hufungwa kwa kufuli kwa nje. Mstari huo ulinitisha kuliko jini lako, nami nimelala bweni la namna hiyo miaka minne. Nani anafunga? Aliagizwa na nani? Msichana wa kitanda cha mwisho, yule uliyemwandika anakohoa, aliwahi kuomba mlango uachwe wazi? Alijibiwa nini?

Yaandike hayo kwanza, na kicheko cha mlinzi kiache pembeni kwa sasa. Nitumie tena ukishajua ufunguo ulikuwa kwa nani usiku ule.