"Seised of the land": alikamata, alimiliki, au alishika?

Swali: Natafsiri hati ya zamani ya ardhi kutoka Uingereza. Inasema marehemu "was seised of the said land". Mwenzangu ameandika "alikamata ardhi hiyo", mimi nimeandika "alikuwa mmiliki". Nani yuko sahihi? Na hilo neno "seisin" lina maana gani?

Jibu: Ndugu msomaji, wewe umekaribia zaidi, lakini "mmiliki" nayo inasema zaidi ya hati yenyewe.

"Seisin" (hutamkwa siizin) ni neno la Kiingereza lililotoka katika Kifaransa cha kale, na maana yake ni kuishika ardhi kama mwenye nayo; aliye na "seisin" ndiye husemwa kuwa "seised". Sheria ya zamani ya Uingereza haikuanza kwa kuuliza ardhi ni mali ya nani. Iliuliza nani ameishika, na ameishika kama nani. Muuzaji na mnunuzi walikwenda shambani kwenyewe, mbele ya mashahidi, muuzaji akachukua bonge la udongo lenye majani, au kijiti, akamtia mwenzake mkononi. Hapo ndipo "seisin" ilipohama. Hati, kama ipo, ilikuwa ushahidi wa tendo hilo tu. Sheria ya mwaka 1677 ikadai maandishi, na ile ya 1925 ikaufuta kabisa utaratibu huo.

Sasa angalia mpangaji wa miaka 99. Anaishi pale, analima pale, ufunguo anao yeye. Ana "possession", yaani milki ya mkononi, lakini "seisin" hana. Imebaki kwa aliyempangisha. Kwa hiyo kukalia ardhi peke yake hakutoshi. Na kuwa na haki peke yake hakutoshi vilevile: mtu aliyemfukuza mwenye shamba na kujiweka yeye kama mwenye nalo, sheria ilimhesabu kuwa na "seisin", ingawa ameipata kwa dhuluma. Ndiyo maana mwaka 1166, enzi za Mfalme Henry II, iliwekwa njia ya haraka ya mahakama kwa aliyefukuzwa kurudishiwa alichokuwa amekishika.

Kwa sababu hiyo nisingeandika "milki halali", wala "mmiliki". Ningeandika: "marehemu alikuwa ameishika ardhi hiyo kama mwenye nayo". Ukikuta "seised in fee", ongeza kwamba milki hiyo ilikuwa ya kurithika. Ukimwita mmiliki, msomaji wa tafsiri yako ataamini kwamba hati imethibitisha haki ambayo pengine ndiyo inayogombaniwa. Katika kesi ya mirathi, neno moja la namna hiyo laweza kumponza mtu.

Kuhusu "alikamata": kosa hilo linatokana na "seize", neno la ukoo huohuo, ambalo polisi wakikamata mali ndilo hutumika. Tazama neno linalofuata baada yake. Katika hati kama yako, mtu huwa "seised of" kitu, na hiyo "of" ndiyo alama yako. Usitegemee herufi, kwani wapo wanaoandika "seized of" kwa maana ileile.

Utaikuta pia nje ya ardhi. "The court is seised of the matter" ni shauri liko mbele ya mahakama. Na maazimio mengi ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa humalizia kwa "remain seized of the matter": Baraza linaamua kuendelea kulishughulikia suala hilo.