Kabla hujasema "huyo ni Simba", uliza alizaliwa saa ngapi

Wadogo zangu mnaojifunza kusoma nyota hapa Kampala, juzi mmoja wenu alipewa tarehe ya kuzaliwa tu, na dakika mbili hazijapita akajibu: "Huyo Simba, anapenda kutawala." Mteja akashukuru. Mimi nikakosa usingizi. Nawapenda, lakini hili nimelisema mara ngapi?

1. Jua peke yake halitoshi. Linakaa burji moja (kati ya sehemu 12 za anga, kama Simba au Mizani) karibu siku 30, kwa hiyo kila Simba wa mwezi huo mnampa tabia ileile. Mwezi wa angani unakaa burji moja siku mbili na nusu hivi, na mchomozo, yaani burji inayopanda upande wa mashariki mtu anapozaliwa, unabadilika kila baada ya saa mbili hivi. Jua tupu tumelizoea kwa sababu ya magazeti: Agosti 1930, mnajimu R. H. Naylor aliandika nyota ya Binti Mfalme Margaret wa Uingereza, aliyekuwa ametoka kuzaliwa, kwenye Sunday Express la London. Wasomaji wakapenda, safu za nyota zikafuata. Gazeti haliwezi kumuuliza kila msomaji saa yake. Ninyi mnaweza.

2. Saa. Hapa nitakaa kidogo.

Mama mmoja wa Mbale aliniandikia kuhusu binti yake: tarehe 20 Agosti, "saa 10 asubuhi". Ilikuwa usiku, nina ramani nyingine mbili za nyota zinanisubiri, nikabonyeza 10:00. Mchomozo ukatoka Mizani. Nikamwandikia kurasa mbili nzima: mtoto huyu ni wa watu, ni mpatanishi, mtoe mbele. Mama akaniamini. Akamwondoa binti kwenye cherehani ya chumba cha nyuma, akamweka kaunta ya duka lao la vitambaa, avutane bei na wateja kutwa.

Miezi mitatu baadaye walikuja wote wawili. Binti hakukaa, alisimama nyuma ya kiti cha mama yake, anasokota pindo la leso. Mama akatoa kadi ya kliniki, imekunjwa mara nne, wino wa buluu umefifia: 4:00, alfajiri. Saa kumi ya Kiswahili! Binti mwenyewe angeandika "saa 10" akimaanisha saa nne, maana vijana wa mjini wanataja saa kama simu inavyoonyesha. Mama yake hahesabu hivyo. Tofauti ya saa sita ni burji 3. Mchomozo wake ni Saratani: mtu wa ndani, anayejikinga kwanza ndipo akufungulie. Pale kaunta alikuwa akirudi nyumbani analia kila jioni, na mama akidhani ni ukaidi, kwa sababu karatasi yangu ilisema binti anapenda watu.

Na ramani ile ya kwanza ilikuwa imenionya. Jua lilikaa nyumba ya 11 kati ya zile 12 za ramani, juu ya upeo wa macho, mchana kweupe, ilhali mama alikuwa ameandika kwamba mkunga alimpokea mtoto kwa mwanga wa taa ya chemli. Niliyasoma maneno hayo nikayapita. Nilimwomba radhi binti kwanza, kisha mama, nikarudisha pesa. Binti alirudi kwenye cherehani yake wiki ileile.

3. Usiishie "saa ngapi?" Uliza kama jua lilikuwa limechomoza, na uombe picha ya kadi.

4. Hasira zitazame kwa sayari ya Mirihi, mapenzi kwa Zuhura.

5. Sisi wa ikweta tuna unafuu. Mstari wenyewe unapita Kayabwe, njia ya Masaka, na kwetu kila burji huchomoza kwa karibu saa mbili. Msimpelekee kanuni hiyo mteja aliyezaliwa London: kule nyingine hupanda chini ya saa moja, nyingine karibu tatu.

6. Wanasayansi hawaukubali unajimu, msigombane nao. Na msimwamulie mtu kazi, ndoa wala dawa. Mimi nilimwamulia binti wa watu kazi.

Wewe wa juzi, mpigie mteja wako leo. Mwambie amuulize mama yake kama kulikuwa kumekucha, kisha niletee ramani mpya kabla ya Jumapili.