Maswali yenu kuhusu magitaa ya zamani ya Japani

Wiki hii karibu barua zote zimetoka kwa watu walionunua, walioletewa au kurithi magitaa yasiyo ya umeme yaliyotengenezwa Japani miaka ya 60 hadi 80. Nimefurahi sana, maana ndiyo ninayoyapiga mwenyewe. Nimechagua maswali sita.

Mwalimu, nimeona gitaa la Yamaha pale Gikomba. Ndani lina lebo nyekundu iliyoandikwa Nippon Gakki. Muuzaji anasema ni la miaka ya 60. Ni kweli? (Msomaji, Kayole)

Inawezekana. Nippon Gakki ndilo jina la kampuni ya Yamaha kabla ya 1987. Magitaa yao ya aina ya FG yalianza 1966 kwa FG-180 na FG-150, yakitengenezwa Hamamatsu, na lebo nyekundu iliendelea mpaka mwanzoni mwa miaka ya 70. Kwa hiyo muuzaji huenda amekosea kwa miaka michache tu. Isome lebo mpaka chini, kwa sababu Yamaha walikuwa pia na kiwanda Taiwan, na ikiandikwa Taiwan basi ndiko lilikotoka. Kama siku moja utakutana na gitaa la K. Yairi, mtengenezaji mwingine wa Japani, la miaka ya 70, tarakimu mbili za kwanza za namba yake ni mwaka wa utawala wa mfalme wa Japani. Jumlisha 1925: namba inayoanza na 50 ni gitaa la 1975.

Lakini ndugu yangu, kabla ya lebo, angalia shingo. Inua gitaa usawa wa jicho, uchungulie kutoka kichwani kwenda darajani, ile mbao ya mwilini inayoshika nyuzi, kama seremala anavyokagua mbao kabla ya kulipa. Kisha laza rula ndefu juu ya freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, ncha yake ielekee daraja. Ikifika usawa wa juu wa mbao ya daraja, shingo iko sawa. Ikigonga uso wa daraja chini ya hapo, shingo imevutwa na nyuzi kwa miaka hamsini, na kuing'oa na kuirudisha kwa pembe yake kutakugharimu zaidi ya bei ya gitaa. Mwisho, chukua kipande cha karatasi ujaribu kukipenyeza nyuma ya daraja. Kikiingia, gundi imeachia. Hilo linarekebishika, ila bei ishuke.

Rafiki yangu anasema gitaa langu ni plaiwudi tupu, nisijisumbue nalo. (Msomaji, South B)

Rafiki yako ana nusu ya ukweli. Mengi ya magitaa haya, hata zile FG za lebo nyekundu zinazosifiwa dunia nzima, yana uso wa mbao ya sprusi wa tabaka zilizogandishwa kwa gundi. Tabaka hizo hupishana, moja ikizuia nyingine isitanuke wala kunywea. Fikiria Nairobi yetu: Januari na Februari hewa imekauka hadi midomo inapasuka, halafu Aprili kuta zinatoa jasho. Nimeona magitaa ya mbao nzima, ya bei kubwa, yakipasuka uso kwa msimu mmoja tu, na haya ya tabaka yakiendelea kama kawaida. Ni kweli mbao nzima huimba zaidi ikiwa nzuri, na Wajapani walitengeneza hizo pia. Lako lipige kwa nguvu, usikilize nyuzi za besi. Zikijibu kwa sauti ya duara, achana na maneno ya watu.

Nyuzi za gitaa langu ziko juu sana, vidole vinauma. Nimeambiwa ni uzee, halina dawa. (Msomaji, Umoja)

Swali hili linanigusa kuliko yote. Watu wengi wameacha gitaa kabisa wakidhani vidole vyao ni dhaifu, kumbe tatizo ni milimita mbili.

Pima kwanza. Simamisha rula ndogo juu ya freti ya 12 uone uzi mnene uko juu kiasi gani. Milimita 2.5 kwa uzi mnene na 2 kwa uzi mwembamba ni starehe. Ukikuta 4, ndiyo sababu unaumia.

Halafu bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapokutana na mwili, uangalie katikati. Pakiwa na nafasi ya kadi nyembamba, shingo haina shida. Pakiwa na nafasi kubwa, shingo imepinda, na kama gitaa lako lina chuma cha kukazia ndani ya shingo, kikaze robo mzunguko, upige siku moja, kisha upime tena. Usilazimishe kamwe.

Shingo ikiwa sawa, kinachobaki ni mfupa wa chini, ule ukingo mweupe uliosimama kwenye daraja. Tunauita mfupa hata ukiwa wa plastiki. Hesabu yake ni hii: ukitaka uzi ushuke milimita moja pale freti ya 12, punguza mbili kwenye mfupa. Punguza kutoka chini, kwa sababu juu umechongwa mviringo kufuata shingo. Chora mstari kwa penseli, laza msasa juu ya kioo ili upande wa chini ubaki bapa, usugue polepole. Mfupa ukishakuwa mfupi kiasi kwamba hauchomozi tena vya kutosha juu ya daraja, simama, hapo tatizo liko kwenye shingo. Baadhi ya magitaa haya yana skrubu mbili pembeni mwa mfupa. Ukiwa nalo, zungusha tu bisibisi.

Mimi niliondoa plastiki kabisa. Fundi ninayemwendea karibu na River Road alinituma soko la nyama la Burma nikanunue mfupa wa paja la ng'ombe. Aliuchemsha mpaka mafuta yakatoka, akauanika juu ya paa majuma mawili, ndipo akaukata. Alipoupitisha kwenye tupa, harufu ilikuwa ile ya jino linapotobolewa. Alipofunga nyuzi nikapiga uzi wa tatu peke yake, tukanyamaza wote wawili, tukiusikiliza mpaka ulipoisha.

Gitaa la marehemu baba limechubuka na vanishi imefifia. Nilipake upya? (Msomaji, Githurai)

Hapana, dada yangu. Lifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, likauke, ufunge nyuzi mpya. Pale alipochubua mkono wake, paache.

Nitumie nyuzi zipi, na nilibebeje kwenye matatu? (Msomaji, Kawangware)

Seti inayoanzia 012, yaani uzi mwembamba kuliko yote una unene wa inchi 0.012, huvuta daraja kwa uzito wa takriban kilo 70, saa zote, mchana na usiku. Kwa gitaa la miaka hamsini mimi hufunga 011, na kama shingo inatia shaka, 010. Sauti inapungua kidogo, umri unaongezeka. Kwenye matatu kaa nalo magotini, kichwa kikiangalia juu. Usikubali liwekwe kwenye buti, na usiliache kamwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, joto hilo hulegeza gundi. Ukienda nalo Mombasa, liache ndani ya begi lake saa kadhaa lizoee hewa kabla ya kulityuni.

Ni mtindo gani unaofaa gitaa hili? Mwanangu anataka nyimbo za kanisani tu. (Msomaji, Ngong)

Mwache apige za kanisani, ila mfundishe pia kidole gumba na kidole cha shahada. Ndivyo walivyopiga Mwenda Jean-Bosco na Edouard Masengo, waliotoka Katanga, Kongo, wakaja Nairobi mwishoni mwa miaka ya 50, na ndivyo alivyopiga George Mukabi wa Magharibi mwa Kenya, chupa ya soda ikigongwa pembeni kushika mwendo. Walipiga kabla FG ya kwanza haijatoka kiwandani, lakini magitaa haya yanaukubali mtindo huo: sauti ya katikati iko wazi, na kila uzi unasikika peke yake. Aanze na kodi (chord) ya C. Gumba lipokezane uzi wa tano na wa nne, bila haraka, kama mtu anayetembea. Gumba likishatembea lenyewe huku anaongea nawe, hapo aingize shahada kwenye uzi wa pili na wa kwanza. Dakika kumi na tano kila jioni, na chupa mgongee wewe.