Madeni ya simu na ADHD: je, mkopo wa Sacco utanisaidia?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Kisauni, Mombasa, na mume wangu na watoto wawili. Mwaka jana daktari wa akili alinithibitishia kuwa nina ADHD, hali ya ubongo inayovuruga umakini. Baada ya makato ya mkopo wangu wa sasa wa Sacco, mshahara unaonifikia ni Sh31,000. Nadaiwa Fuliza (huduma ya M-Pesa ya kutumia zaidi ya salio) Sh9,400, M-Shwari (mkopo wa M-Pesa) Sh8,000, programu mbili za mikopo Sh4,500 na Sh6,000, duka la mtaani Sh3,200, na mwalimu mwenzangu Sh15,000. Kodi ni Sh8,000 na chama cha kuchangiana kwa zamu Sh2,000. Ada ya shule na sehemu ya chakula hulipwa na mume wangu. Kila mwezi naandika bajeti kwenye daftari, na baada ya wiki mbili sijui hata daftari liko wapi. Mume wangu anasema ni uzembe. Je, nichukue mkopo mpya wa Sacco wa Sh50,000 niyafute yote? Aidha, mkopeshaji mmoja amempigia simu dada yangu kuhusu deni langu. Ana haki hiyo?

JIBU: Mwalimu, mkopo wa Sacco chukua, lakini si wa Sh50,000, na usiuchukue kabla hujajua utafunga milango gani ya kukopa siku hiyo hiyo fedha itakapoingia.

Deni la duka na la mwenzako halina riba, kwa hiyo hakuna sababu ya kukopa kwa riba ili kuyalipa. Yanayokutafuna ni yale manne ya simu, ambayo jumla yake ni Sh27,900. Ukikopa Sh30,000 kwa riba ya asilimia moja kwa mwezi juu ya salio linalopungua, ambayo ni riba ya kawaida katika Sacco nyingi, utakatwa takriban Sh2,665 kila mwezi kwa mwaka mmoja, na riba yote haitazidi Sh2,000. Linganisha na unayolipa sasa. Kwa viwango vilivyopunguzwa mwaka 2022, deni lolote la Fuliza kati ya Sh2,501 na Sh70,000 hutozwa Sh25 kwa siku kabla ya ushuru, yaani Sh750 kwa siku thelathini. M-Shwari, iliyoanza mwaka 2012 kwa ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa mwezi mmoja, inakugharimu Sh600 nyingine, na ukichelewa ada hiyo hutozwa tena. Mawili hayo peke yake, bila kugusa programu zako mbili, yanamaliza riba ya mwaka mzima ya Sacco kabla ya miezi miwili kwisha.

Naomba nikae kidogo kwenye Fuliza, kwa sababu ndiyo inayomwumiza zaidi mtu mwenye hali yako, na kwa njia ambayo haionekani kwa haraka. Ada yake ya kila siku hupangwa kwa madaraja. Aliye na deni la Sh9,400 na aliye na deni la Sh2,600 wote hulipa Sh25 ile ile, na kwa huyu wa pili hiyo ni zaidi ya robo ya deni lake kwa mwezi. Kwa hiyo kulipunguza nusu nusu hakukupi nafuu yoyote hadi ushuke chini ya daraja, na nafuu kubwa huja ukifika Sh1,000, ambapo ada huwa Sh6. Zaidi ya hayo, fedha yoyote inayoingia M-Pesa hukatwa kwanza kulipa deni hilo. Unahamisha Sh10,000 kutoka benki, unabaki na mia chache, jioni unafuliza tena ili ununue unga, na kila ukifuliza unatozwa asilimia moja ya kiasi ulichochukua. Mtu anayekumbuka vizuri huona mzunguko huo baada ya mwezi mmoja au miwili. Mwenye ADHD, ambaye kumbukumbu yake ya mambo yanayoendelea ni fupi na ambaye tarehe 28 kwake ni kama mwakani, huona tu kwamba fedha imeingia na imetoweka.

Ndiyo maana ninasisitiza kufunga milango. Ukilipa madeni haya kwa wakati, vikomo vyako vya kukopa vitapanda, na simu itakuletea ujumbe wa kukupongeza na kukukaribisha ukope zaidi, pengine saa ambayo umechoka na mtoto anataka viatu. Usitegemee kwamba utakataa. Siku fedha ya Sacco itakapoingia, kaa na mume wako, lipa yote manne kwa mkao mmoja, kisha kabla hamjainuka jiondoe Fuliza kupitia menyu ya M-Pesa, funga akaunti za zile programu mbili ndipo uzifute kwenye simu, na uzuie jumbe zao. Shughuli ikiahirishwa hadi kesho haitafanyika. Sh2,100 zitakazobaki ziweke katika akiba iliyofungwa, ambayo haitoki papo hapo, ziwe za dharura badala ya Fuliza.

Kabla ya kutia saini, angalia hati yako ya mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hairuhusu makato yazidi theluthi mbili ya mshahara, na Sacco itakukatalia ikiwa umefika mpaka huo. Ukiwa na nafasi, omba makato yafanywe moja kwa moja kwenye mshahara. Malipo yanayokusubiri wewe ukumbuke yatachelewa, na hilo ni jambo la kupangiwa, si la kulilia.

Sasa bajeti. Daftari lako lilishindwa kwa sababu linakutaka uamue mara hamsini kwa mwezi, na kila uamuzi unahitaji kitu ambacho ADHD huathiri moja kwa moja: kushikilia lengo la mbali akilini wakati jambo la karibu linakuvuta. Punguza maamuzi hadi yabaki machache. Baada ya makato mapya utapokea takriban Sh28,335. Kodi, chama, na Sh2,500 za mwenzako ziondoke zenyewe siku inayofuata mshahara, kwa agizo la kudumu la benki au kwa M-Pesa Ratiba, huduma iliyoanzishwa mwaka 2024 kwa ajili ya malipo ya kujirudia. Siku hiyo hiyo tenga Sh2,000 za maji na tokeni za umeme. Mwezi wa kwanza hizo Sh2,500 zimlipe mwenye duka pamoja na Sh700 za ziada, na umwombe asikuandikie tena kwenye daftari lake. Kuanzia mwezi wa pili zimwendee mwenzako kwa miezi sita. Mwambie tarehe na kiasi, naye ataacha kukukwepa, na wewe utaacha kumkwepa.

Zinazosalia, kama Sh13,835, zisiingie M-Pesa kwa pamoja. Ziache benki, na uagize Sh3,200 zihamie kwenye simu mara nne: tarehe 1, 8, 16 na 24. Swali lako la kila siku halitakuwa tena kama mwezi utatosha, jambo ambalo hakuna akili inayolihisi vizuri na yako hailihisi kabisa. Litakuwa tu kama kilichopo kitafika tarehe iliyo karibu. Zitabaki takriban Sh1,000. Hizo ni za usahaulifu: chaja iliyopotea, nyama iliyooza, faini, nauli ya kurudi kuchukua ulichoacha nyumbani. Gharama hizi ni za kweli kwa mwenye ADHD, na bajeti inayojifanya hazipo huvunjika wiki ya pili. Katika mwezi wa kwanza nyingi zitakuwa zimeenda dukani, kwa hiyo mwezi huo utabana.

Chama usikiache. Wengi hushauri mdaiwa aache kila mchango, lakini kwa mtu kama wewe chama hufanya kazi pale daftari linaposhindwa, kwa kuwa kuna watu wanaosubiri kwa tarehe inayojulikana. Amua sasa, kwa maandishi, zamu yako ikifika fedha itaenda wapi; ushauri wangu ni kwa mwenzako, kisha Sacco.

Kwa mume wako: ADHD ni hali ya ukuaji wa ubongo, na kuiita uzembe hakujapunguza deni hata shilingi. Hata hivyo deni ni la nyumba na halisamehewi kwa sababu ya hali hiyo. Asiwe askari wa matumizi yako. Robo saa pamoja kila fungu la Sh3,200 linapoingia inatosha. Dawa, ikiwa daktari amekuandikia, husaidia umakini lakini hazipangi fedha. Na ikiwa kuna vipindi ambapo unatumia ovyo huku hulali kwa siku kadhaa na hujisikii mchovu, mwambie daktari, kwa sababu hiyo si dalili ya kawaida ya ADHD.

Kuhusu dada yako, hapana, mkopeshaji hana haki hiyo. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinawakataza kumtisha mdaiwa au kuwapigia watu walio katika simu yake ili kumwaibisha. Hifadhi jumbe na rekodi ya simu, hakikisha kama mkopeshaji huyo ana leseni, kisha ulalamike kwa Benki Kuu na kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Deni lenyewe lilipe.

Fungu moja likiisha kabla ya tarehe yake, kama itakavyotokea, usiandike bajeti mpya wala usivute fungu linalofuata mbele. Tumia akiba ya usahaulifu au mwombe mume wako azibe pengo, na usubiri tarehe.